Kaboni ya Kibumba

Kwa jina la Yeye aliyetenga nuru na giza, naanza. Mimi ni Élisée, mwana wa Paluku, mzaliwa wa Butembo, mkazi wa mtaa wa Mapendo hapa Goma. Katekista kwa wito, fundi wa magari kwa riziki. Ninayoyasimulia niliyatenda kwa mikono hii.

Oktoba ya mwaka 2008, vita vilipokuwa vikishuka kwa barabara ya Rutshuru, nilikwenda Kibumba jioni kumchukua binti yangu Kahindo. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya: asipofika hospitali mjini, tutawazika wote wawili. Gari langu lilikuwa Toyota kuukuu la petroli. Hatukufika mbali, taa nyekundu ya betri ikawaka. Taa za mbele zikafifia... zikawa manjano...

Injini ikazima.

Wakimbizi walipita na magodoro kichwani. Mmoja alinicheka, akanishauri nimbebe binti mgongoni na chuma niwaachie wanajeshi.

"Papa," Kahindo alisema akiuma kitenge chake, "kati ya miye na gari yako, nani atazaa wa kwanza?"

Mkanda ulikuwa imara, nyaya nzima. Nikaifungua alternateri, mashine inayoilisha betri. Kaboni yake moja, kile kipande kinachosugua pete ya shaba ili kupitisha umeme, ilikuwa imekwisha kabisa. Mafundi wa Goma tunajua dawa yake: unapasua betri ya tochi, unatoa kijiti cheusi cha ndani, unakisaga juu ya jiwe la volkano mpaka kienee. Lakini tochi sikuwa nayo, na hakuna mkimbizi aliyekubali kunipa yake.

Kando ya barabara palikuwa na rundo la mawe. Tulijua sote lilifunika nini: wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, waliokufa kwa kipindupindu, wakafunikwa mawe kwa kuwa ardhi ile haichimbiki. Ndugu zao waliwawekea juu vitu vyao: kikombe, kiatu, tochi.

Miaka mingi nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba maiti hana mali.

Nikaiinua tochi.

Betri zilikuwa zimeoza kwa kutu, ila vijiti vilikuwa vizima. Nikachukua kimoja, nikaanza kusaga.

Krr... krr... krr...

Nyuma yangu, mtu mwingine alisaga pia.

Nilipoacha kusaga, naye akaacha. Harufu ya chokaa, ile waliyomwagiwa maiti, ikanijaa puani.

"Papa," sauti ya mwanamke ilinong'ona, "hiyo ni mwangaza ya mutoto wangu. Anaogopa giza."

Sikugeuka. "Mama, nisamehe. Nitairudisha."

"Utarudisha yote?"

"Yote. Naapa kwa msalaba."



Nikafunga kaboni, nikaachia breki. Gari likateremka mlima, nikatia gia, injini ikashika. Taa zikawaka nyeupe kuliko zilivyowahi kuwaka.

Mjukuu wangu Kaswera alizaliwa hospitalini, mzima, na mama yake mzima. Nilimshukuru Mungu. Baada ya wiki sita daktari alimmulika macho, akammulika tena, kisha akaketi. Mtoto haoni.

Jioni moja niliwasha gari uani. Kaswera, mikononi mwa mama yake, akaugeuzia uso mwanga wa taa, akacheka, akaufuata mkono wa Kahindo kwa macho. Nilipozima injini, akapapasa hewa, akalia.

Tangu hapo Kahindo hunijia kila jioni. "Papa, washa kidogo tu." Nami huwasha.

Lakini kaboni huliwa. Ndiyo kazi yake. Barabara ilipofunguka nilikitoa kijiti ili nirudishe amana, nikakuta kimebaki nusu. Yote, nilikuwa nimeapa. Nikatia kaboni mpya ya dukani: taa ziliwaka vizuri, Kaswera hakuziona. Nikakirudisha kile kile.

Sasa mtoto ana miaka mitatu, na kijiti kimebaki kama ukucha. Kila nikimwonyesha uso wa mama yake, nakipunguza. Na injini ikishazimwa, chini ya boneti husikika...

Krr... krr...

Jana, taa zikiwa zinawaka, Kaswera alinyoosha kidole penye ukuta mtupu.

"Babu, ule mama mwenye kushika mawe, anangojea nini?"

Nilizima gari.

Ninyi mlionisikiliza, Mungu awajalie kulala bila kitu cha mwingine mkononi. Nuru iliyomo nyumbani mwenu iwe yenu, na asije mtu kuidai. Amina.