Futi Arobaini za Breki

Rafiki yangu Tobias alikuwa polisi wa trafiki mwaka wa sabini na moja. Haya aliniambia akiangalia viatu vyake.

Alitumwa Ngong Road na tepu ya kupimia. Tajiri mmoja wa mtaa wa Karen alikuwa amemgonga mwenye baiskeli kwa gari, akamuua. Philister, muuza mboga, aliona yote.

"Afande, walikuwa wamegombana. Huyo tajiri alimfuata na gari mpaka kwenye nyasi. Breki hakushika."

Kweli, lami haikuwa na alama yoyote ya tairi.

Kituoni mkubwa wake akamwambia, "Andika alishika breki, futi arobaini. Hiyo ni ajali tu." Tobias akaandika.

Jioni stima zikapotea, kambi nzima ikawa giza. Alikuwa chumbani kwake kambini, anavua buti, aliposikia tairi zikilia ndani ya korido, mahali ambapo hata mkokoteni haupiti. Mlio ukaja, ukaja, ukakatika mlangoni pake.

Akafungua mlango, akawasha kiberiti. Kwenye simiti palikuwa na mistari miwili myeusi, inanuka mpira ulioungua.

Hakuita wenzake. Angewaambia nini? Alichukua tepu ile ile, akapima akipapasa gizani, kisha akawasha kiberiti kingine asome. Zilikuwa futi arobaini kamili, zinaishia kwenye kizingiti chake, na simiti ilikuwa bado ya moto.