Shingo Haijazwi Ufunguo

"Huendi. Nimesema huendi."

"Shingo ni yangu."

"Ni yako, lakini ukiumia atakayekulisha uji ni mimi."

Fundi saa alishavaa kiatu kimoja. Mkewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Walianza asubuhi, na sasa jua limeingia hadi katikati ya chumba. Wanabishana juu ya jamaa mmoja wa sokoni. Huyo anakushika kichwa, anakizungusha ghafla, shingo inalia ko, basi umetibiwa.

"Miezi mitano sasa," fundi akasema. "Nikiinamia saa dakika kumi tu, shingo inawaka moto. Nisipoinama, sina kazi. Unataka nikae nyumbani nihesabu nzi?"

Kwenye rafu saa za wateja ziliendelea kutembea, kila moja na mwendo wake, mpaka chumba kizima kikawa kama kinasinzia.

Mara akaingia dada wa mke. Yeye hufundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini.

"Sauti zenu nimezipata njiani," akasema. "Shemeji, vua kiatu, keti."

Akamuuliza. Alianguka? Hapana. Mikono inakufa ganzi au inaishiwa nguvu? Hapana. Homa, kukonda? Hapana.

"Ungekubali hata moja, ningekupeleka kwa daktari leo. Hii ni misuli, imechoka. Na wa sokoni achana naye. Kuzungusha kichwa ghafla kunaweza kuumiza mishipa ya damu ya shingoni."

"Sasa nifanye nini? Kitambaa cha moto tumeweka. Dada yako amenikanda mpaka vidole vyake vikauma."

"Ilisaidia?"

"Tena sana. Nikasinzia, nikaota natembea ndani ya saa kubwa, magurudumu yananipisha polepole kama mawingu. Kesho yake, yale yale."

"Ndivyo ilivyo. Joto na kukandwa vinatuliza, ila havikai. Wengi wanaopata nafuu ya kudumu ni wanaoipa misuli nguvu, taratibu, kwa wiki kadhaa."

Akamwonyesha. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa kichwa, kichwa kisisogee. Hesabu hadi tano, pumzika. Mara kumi. Kisha pembeni, kulia na kushoto. Kisha vuta mabega nyuma. Meza ya kazi iinuliwe ifike kifuani, na kila nusu saa asimame.

Wiki ya kwanza fundi akaharibu. Jumapili alikaa kitako akafanya mazoezi ya siku saba kwa mpigo. Jumatatu hakuweza kuinua kichwa kitandani.

"Nani alikutuma?" shemeji yake akauliza.

"Mimi saa ya ukutani naijaza ufunguo mara moja, inatembea wiki nzima."

Dada mtu akacheka mpaka akajishika ukuta. "Shingo haijazwi ufunguo, shemeji. Kidogo, kila siku. Ikiuma sana, punguza, usiache."

Basi akawa anafanya kidogo. Kila asubuhi, chai ikipoa, amefumba macho, kiganja kwenye paji, anahesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayejibembeleza. Wiki ya tatu hakuona kitu, akanuna. Mkewe akamkanda, akamwambia endelea. Wiki ya tano alikaa mezani nusu saa, akasimama, akakaa tena. Maumivu yalikuwepo, ila mbali, kama redio ya jirani.

Wiki ya nane, asubuhi moja, mkewe akamwona anakunja kitambaa chake cha kazi.

"Leo utarudi mchana?"

"Jioni. Nina saa sita za kufungua."

"Sita? Na shingo je?"

"Tumeshaongea, mimi na yeye. Kila nusu saa nasimama."

"Ukidanganya nitajua. Nitamleta shemeji yako dukani akusimamie."

"Mlete, nimpe na kiti," akasema fundi. Akatoka, akaufunga mlango taratibu.