Risasi Isiyouzwa Dukani

"Shangazi kwa Fundi."

"Fundi hapa. Sema."

"Mgeni wako anaegesha gari. Mpe anachotaka."

"Chote?"

"Chote, na kiwe kizuri. Hiyo bunduki tunaifuata mpaka ndani ya kontena. Mwisho."

Onyancha alirudisha Nextel, simu yake ya redio, kiunoni, akafuta mafuta mikononi kwa aproni. Kwa wateja wa duka lile la bunduki la Fort Worth, Texas, yeye alikuwa Mkenya mpole anayejua kuunganisha mitutu. Kwa Idara ya ujasusi iliyomtuma kutoka Nairobi, alikuwa chambo.

Mlango ukafunguka.

Aliyeingia aliitwa Method. Mrefu, mkimya, askari wa zamani aliyepigana Kongo kwa yeyote aliyemlipa. Alitumwa na Florent, tajiri wa mji jirani wa Irving anayesafirisha magari yaliyotumika kwenda Afrika. Idara ilikuwa na hakika kwamba ndani ya magari hayo Florent huwafichia silaha wanamgambo walioshika mgodi kule Kivu. Ilikuwa mwaka 2004. Sheria ya Marekani iliyobana bunduki za aina aliyoitaka ilikuwa imekwisha muda wake Septemba, kwa hiyo Florent alikuwa ameagiza mchana kweupe, kwa karatasi halali kabisa.

Bunduki inayojipakia yenyewe. Ya kupiga mbali.

"Mwili ni ArmaLite," Onyancha alisema. "Darubini ni Leupold. Umebaki mtutu, na mtutu hufuata risasi. Wengi huchukua saizi ya .308."

"Siitaki."

"Mbona? Si ndiyo imejaa kila mahali?"

"Ina teke." Method aligusa bega lake la kulia. "Hili lilivunjika Kisangani, likaungwa na muuguzi mlevi. Nikipiga tatu za hiyo, ya nne nafumba macho. Lakini hilo libaki kati yangu na wewe, ndugu."

Hapo ndipo pabaya pa kazi hii. Mtu umetumwa umnase, naye anakufungulia moyo.

Onyancha akampangia mezani. Magnum? Ndefu, haingii kwenye magazini ile. .243? Nyepesi, upepo utaichezea. Kisha akaiweka .260 Remington. Ganda lake limetokana na lile la .308, shingo imebanwa, kichwa ni chembamba na kirefu. Teke lake la upole, na kwa mbali inakata upepo bila kuyumba.

Method aliigeuza vidoleni kama mama anayechagua nyanya.

"Hii."

"Madukani haipo. Ukiibahatisha ni ya kuwindia kulungu, haishiki shabaha ya mbali. Itabidi nikutengenezee mwenyewe."

"Nitengenezee. Nakuamini."

Nakuamini! Onyancha alisogeza mizani. Alipima baruti punje kwa punje, akabana kila kichwa kwa mkono wake. Risasi zikatoka safi, hazina walakini. Amri ni amri.

Ijumaa asubuhi simu yake nyingine ikalia, Nokia ya wateja na watu wa kanisani.

"Mwanangu, sombe yako niliacha kwa frigo ya jirani yangu Rosette, isioze. Mimi niko njiani kwenda Houston."

Alikuwa Marguerite. Mama wa Kikongo, mpanga masanduku kwenye ghala, ambaye kila Jumapili baada ya ibada alimlisha Onyancha sombe, kisamvu cha kwao, mpaka mkanda ukamkaba. Wanawe wote aliwaacha kwenye shimo la mgodi ule wa Kivu. Aliwaona wanamgambo waliowaua, na alimjua kamanda aliyewatuma; aliyewauzia silaha ndiye hakumjua. Siku hiyo jioni angeyasema mbele ya jopo la wachunguzi wa mauaji hayo, kwenye ukumbi wa kanisa Houston. Mashahidi wengine walikuwa wanamwangalia yeye. Akisema, nao watasema. Akinyamazishwa, wamenyamaza wote.

"Si ulisema utapanda basi, mama?"

"Florent amenisaidia. Mutu muzuri, Mungu amubariki! Atanishusha mbele ya mulango. Lakini tunapita kwanza kwa yard yake ya magari, nione ile Corolla ya kutuma kwa ndugu yangu ya Bukavu. Mimi nilitaka Jetta, akakatala!" Alicheka. "Akaniambia, 'Maman, pièces utapata wapi Bukavu? Kitu yenye haina pièces kule, usitume kule.'"

Onyancha alisimama wima.

Kitu kisicho na spea kule, hakitumwi kule.

Lahaula! Mtu anayekataa kusafirisha Jetta kwa sababu ya spea, atasafirisha bunduki ambayo risasi yake haipo Kongo nzima? Wanamgambo wangetaka .308, au ile ya AK inayouzwa kama karanga. Hakuna anayejua .260 kule. Florent alijua, na bado akamwacha Method aichague.

Kwa sababu bunduki ile haikuwa na safari. Kazi yake ilikuwa hapa hapa Texas, na ilihitaji risasi moja tu.

Wangeweza kumkaba mama wa watu garini na kumtupa kichakani. Lakini walitaka aanguke mbele ya mlango wa ukumbi, mashahidi wenzake wakitazama. Na mtutu wa kumwangusha, nani aliutengeneza? Yeye! Kwa mikono hii iliyozoea kupokea sahani ya sombe!

"Mwanangu, uko?"

Kwenye simu, nyuma ya mama, ilisikika sauti ya Florent, laini, ikisema "Msalimie." Amwambie ashuke? Katikati ya barabara kuu ya I-45, ubavuni mwa mtu asiyeacha bastola yake ya Glock?

"Niko, mama. Safari njema. Uvae sweta, kumbi za huko zina baridi."

Alikata, akashika Nextel.

"Fundi kwa Shangazi! Bunduki haiendi kwenye kontena. Wanamlenga shahidi."

Shangazi, mkuu wake, jina lake halisi Fiona, alikuwa hotelini karibu na uwanja wa ndege. Hakupandisha sauti hata siku moja.

"Askari wa Wamarekani wamejipanga bandarini. Una ushahidi gani?"

"Jetta."

"Nini?"

"Wahamishe tu, Fiona, nakuomba! Wapeleke kwenye yard ya Florent."

"Itachukua muda."

Muda ndio hakuwa nao. Alishika tena Nokia, akampigia Method, na safari hii aliuacha woga wake usikike, maana ulikuwa wa kweli.

"Ndugu, usipige hata moja! Mizani yangu ilikuwa mbovu. Nimezidisha baruti. Utapasukiwa usoni."

Upande wa pili mlango wa gari ulibamizwa.

"Leo ndio unaniambia?"

"Nimegundua sasa hivi. Nitakutengenezea nyingine. Uko wapi?"

"Houston. Acha, nitanunua huku."

"Nunua, ukipata."

Alikuwa njiani kuelekea Houston, amefika Corsicana, boksi la risasi nyingine kitini, Crown Victoria ya Idara ikinguruma, Nokia ilipolia.

"Hakuna dukani," Method alisema. "Kila ninapouliza wananipa ya kulungu. Lete za kwako. Njoo kwa yard ya Florent, tunakungoja."

Kwa kuchagua risasi isiyo dukani, walijifungia wenyewe na ufunguo wakautupa. Onyancha akakanyaga mafuta.

Yard ilikuwa nyuma ya bandari, magari yamepangwa, malori yakipiga kelele pande zote. Wamarekani hawakuwa wamefika. Marguerite alikuwa ameketi ndani ya Land Cruiser nyeupe, mkoba mapajani, sweta amevaa. Alimwona, akashangaa, akapunga mkono.

"Mwanangu! Na wewe umekuja?"

"Nimeleta mzigo, mama. Kaa humo humo."

"Kumbe mnajuana," Florent alisema. Suti ya kijivu, viatu vyeupe, tabasamu la shemasi. Tabasamu halikufika machoni. "Ingia huku, Fundi."

Walimwingiza kwenye kontena refu lililo tupu, matairi chakavu yamerundikwa mwishoni. Bunduki ilikuwa juu ya pipa. Nzuri, Mungu amsamehe, nzuri kweli. Onyancha alifungua boksi la risasi na kumpa Method. Moja aliibakiza kwa siri kiganjani.

Florent alitoa Glock.

"Usinielewe vibaya. Kwetu mwenye pombe ndiye huonja kwanza."

Kauli hiyo Onyancha alikuwa akiiombea njia nzima. Bibi yake kule Kisii hakumpa mgeni kibuyu kabla hajakinywea mwenyewe, na alijua Florent naye alilelewa hivyo hivyo. Mtu anaweza kubadilisha nchi na suti. Hofu hii ya sumu haimtoki.

"Mpe moja," Florent alisema. "Moja tu."

Method akampa moja. Onyancha akageukia pipa, akasukuma risasi kwenye magazini. Ya Method. Halafu ya kwake.

Alilenga matairi.

Taa!

Kontena zima likalia kama debe. Florent akacheka kwa kuridhika, akateremsha Glock. Kwake yeye mtu wa magari, bunduki iliyopewa moja na kupiga moja ilikuwa tupu kama gogo.

Lakini Method alikuwa askari. Bunduki ya aina ile ikiisha risasi hubaki mdomo wazi. Hii ilikuwa imefunga, yaani bado ina risasi.

Macho yao yakakutana.

"Boss!" Method alipiga kelele.

Onyancha alikwishageuka.

Taa!

Florent alianguka chali, viatu vyeupe vikielekea juu. Glock iliteleza sakafuni na Method akairukia. Hakukuwa na risasi tena, na Method alikuwa mkubwa kuliko yeye. Onyancha hakufikiri. Alinyanyua kitako cha bunduki akakishusha kwenye bega la kulia.

Lile lile.

Method alilia kama mtoto. Onyancha alipomfunga mikono kwa mkanda wa bunduki, Method aliinua uso, machozi yanamtoka, wala hayakuwa ya maumivu peke yake.

"Nilikwambia wewe tu," alisema. "Wewe tu!"

Onyancha aliirudisha bunduki juu ya pipa. Aliona aibu, aibu ya kweli, na huko Idarani hakuna aliyewahi kumfundisha pa kuiweka.

Mlangoni palikuwa na kivuli. Marguerite alisimama pale, mkoba ameukumbatia. Alimtazama Florent chini. Akatazama bunduki.

"Alikuwa anakupeleka ukafe, mama," Onyancha alisema. "Hiyo ilikuwa yako."

"Muulize nani aliitengeneza!" Method alifoka kutoka sakafuni. "Muulize!"

Mama akageuza macho polepole.

"Ni wewe?"

Angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi iliyomleta Texas.

"Ni mimi."

Nextel ikalia kiunoni. "Shangazi kwa Fundi. Wamarekani wanaingia getini. Sikiliza vizuri. Mama asikutaje kwenye jopo. Jina lako likiandikwa, umekwisha, Idara haikujui. Zungumza naye. Anakusikiliza."

Marguerite aliyasikia yote. Alijifuta jasho juu ya mdomo kwa kitambaa.

"Mimi niliapa kwa watoto wangu," alisema, "nitasema yote yenye macho yangu iliona. Sikuapa kuchagua. Na hii nayo niseme?"

Onyancha alizima Nextel.

"Na hii sema, mama. Jina langu unalijua."

Alimwacha Method mikononi mwa Wamarekani, akampeleka mama mwenyewe kwa Crown Victoria. Marguerite alikaa kiti cha nyuma. Mbele ya ukumbi watu walikuwa wamekusanyika, mashahidi wenzake, wakinyoosha shingo. Alimfungulia mlango. Marguerite akashuka, akanyoosha sweta yake, akapanda ngazi wima, na hakuna kilicholia popote ila kengele ya treni ya mjini.

Juu kabisa aligeuka.

"Asante, bwana," alisema.

Hakusema mwanangu.

Onyancha aliacha funguo ndani ya gari la Idara. Akavuka barabara, mikono mfukoni, hatua za mtu asiye na haraka, akakata tiketi, akasimama kwenye foleni na watu wengine. Treni ilipofika alipanda. Fort Worth hakurudi tena, na sombe ile ilikaa kwa Rosette mpaka ikamwagwa.