Neno la Irabu Tupu

Ibinabo alimkuta Eghosa kwenye foleni ya chakula, nje ya ukumbi wa mashindano pale Surulere, watu wamebanana, pilipili ya wali wa jollof ikiwapigisha chafya. Jamaa amevaa kaftani ya bluu iliyonyooshwa kwa pasi. Akanyoosha mkono, akachukua moi-moi ya mwisho, ile keki ya kunde ya mvuke.

"Wee kaka, macho huna? Hiyo yangu!"

"Ina jina lako?"

"Ina njaa yangu."

Eghosa akacheka, akampa. Yakaanzia hapo.

Wote wawili walicheza ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi, na jioni zao zikawa za kufundishana Kiingereza ambacho hata Waingereza wenyewe hawakijui. Eghosa alimlisha ndizi za kukaanga, kila tonge na neno lake. Siku moja akamwandikia kiganjani: EUOUAE.

"Hili nalo neno, au umeumwa jino?"

"Neno kabisa, malkia wangu. La nyimbo za kanisani za zamani. Irabu tupu. Litakuokoa. Na mwezi ujao twende wote kwetu Benin, kuna mashindano."

Ibinabo alitabasamu kwa mdomo tu. Alishawahi kutendwa, na mwanamume mtamu alimtia hofu. Tena timu ya jimbo ilibakiza nafasi moja, nao wote wawili wakiiwania.

Alhamisi, akipanda ngazi za kwa Eghosa, alimsikia kibarazani akiongea na simu, akicheka chini chini.

"Ameamini kila kitu. Hana habari hata kidogo! Atajulia huko huko."

Ibinabo akageuka, viatu mkononi. Eghosa alipiga simu, hakupokea. Kumbe nalishwa uongo kwa ndizi, alijiambia.

Jumamosi, mchezo wa mwisho, kila mmoja akiwa na mpinzani wake, vigae vilimwendea kombo. Irabu tupu mbele yake, na ubaoni E moja imekaa wazi. Lile neno lingeingia lote. Lakini mpinzani akilipinga na likawa si neno, zamu imepotea. Akasikia tena kile kicheko cha kibarazani. Hakuliweka. Akabadilisha vigae, akashindwa kwa pointi chache, na nafasi ikamwangukia Eghosa, aliyeshinda mchezo wake.

Ibinabo alikwenda kwenye kompyuta ya waamuzi, akaliandika lile neno. Kioo kikawaka kijani: neno halali.

"Ulikuwa nalo?" Eghosa alikuwa nyuma yake. "Mbona hukuliweka, Ibi?"

"Nani ameamini kila kitu? Ulikuwa unamcheka nani kwenye simu? Sema!"

"Nilikuwa naongea na mama. Yale mashindano ya Benin niliyokualika... hayapo. Nilitaka ufike ukute wazee wetu wamekaa, wanakusubiri nikutambulishe."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Basi nilikosea kuhusu neno tu, kuhusu wewe sikukosea! Na nafasi? Utaniachia?"

"Hapana. Nimeishinda."

Jibu lile lilimuuma. Lakini lilikuwa la kwanza kutoka kwake lisilo na sukari, na Ibinabo akaliamini.

"Mimi siendi ukweni kwa hila, kama mbuzi anayepelekwa machinjioni. Mwanamke anaombwa."

Eghosa akapiga magoti pale pale, kaftani kwenye vumbi, waamuzi wakikodoa macho.

"Nakuomba, Ibinabo. Uwe mke wangu."

Ibinabo akamwacha kidogo, magoti yamuume.

"Mama yako na hao wazee waje kwetu Buguma kwanza," alisema. "Inuka, unachafua nguo."