Nani Anamaliza Petroli?

Mikate ikishatoka kwenye tanuri, mwoka mikate hakuwa na subira na mtu. Alipakia masanduku garini, akapiga honi geti lifunguliwe, akakanyaga mafuta mpaka chini. Gari liliruka kama limechomwa mwiba. Akifika dukani alifunga breki kwa kishindo, akashusha mikate, akaondoka mbio tena. Alijisifu kwamba mikate yake hufika ingali ya moto.

Mchana gari lilikuwa la mdogo wake. Huyu alileta unga kutoka stoo na kumpeleka mama yao kliniki. Aliendesha taratibu sana, kwa hiyo kaka yake alimbandika jina la Kobe. Mama alicheka, na Kobe mwenyewe alicheka.

Gari lilikuwa la haibridi, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme inayoisaidia. Muuzaji alisema, "Lita moja, kilomita ishirini na tano. Ndivyo kiwanda kilivyopima." Mwoka mikate aliyameza maneno hayo mazimamazima. Lakini barabarani lita moja ilimpa kilomita kumi na sita tu. Roho ikaanza kumchemka. Kama si gari linalokula petroli, basi ni mtu. Na aliyelirudisha gari kila jioni alikuwa mmoja tu.

Jioni moja alimsubiri uani. Mama alikuwa kwenye kiti, anakunja nguo.

"Kobe, petroli yangu unamuuzia nani?"

Mdogo wake alidhani ni utani. "Namuuzia mama, kaka. Ndiye mteja wangu."

"Sifanyi mzaha! Unanyonya mafuta kwenye tangi. Wewe ni mwizi."

Kobe alimtazama mama. Mama aliinamia nguo zake, hakutoa hata neno. Ukimya huo ndio uliomkata Kobe maini. Aliweka ufunguo mezani, akaingia ndani, akatoka na begi.

"Umeniita mwizi mbele ya mama," alisema. "Basi kaa na gari lako."

Hakuna aliyemfuata.

Sasa mwoka mikate aliendesha asubuhi na mchana. Mwizi ameondoka, petroli itatulia. Thubutu! Iliisha upesi kuliko zamani. Alimulika tangi na mabomba kwa tochi, hakuona hata tone linalovuja. Akaingiwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya gari.

Alimwendea jirani yake, mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye ulimi mkali. Mwalimu hakufungua boneti. Aliketi mbele, akafunga mkanda.

"Haya, endesha kama kila siku."

Kabla hawajafika duka la pili mwalimu alikuwa ameng'ang'ania mlango. "Simama! Nisije nikafa na mikate yako!"

"Gari lina kasoro gani, mwalimu?"

"Gari ni zima. Mgonjwa ni dereva. Ukiondoka taratibu, mota ya umeme inavuta gari na petroli inapumzika. Ukikanyaga mpaka chini, injini ya petroli inalazimika kuingia kazini. Ukiona taa nyekundu mbele, achia mafuta mapema, bonyeza breki polepole. Hapo mota inageuza mwendo wa gari kuwa umeme na kuurudisha kwenye betri. Wewe unafunga breki ghafla, nguvu nyingi inaishia kuwa joto tu. Umeitupa."

"Na zile kilomita ishirini na tano?"

"Zile hupimwa ndani ya chumba. Magurudumu yanazunguka papo hapo, kwa mwendo uliopangwa. Hakuna foleni wala masanduku ya mikate. Namba hiyo ni ya kulinganisha gari na gari. Huwezi kuipata yote barabarani, ila ukiendesha vizuri utaisogelea. Upepo wa matairi umepima lini?"

Mwoka mikate hakukumbuka.

"Mdogo wako aliliendesha ipasavyo," mwalimu alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa anakupunguzia hasara. Mbona siku hizi simwoni?"

Mwoka mikate aligeuza uso dirishani. Aliona aibu hata ya kupumua.

Tangu siku hiyo alibadilika. Alijaza matairi upepo. Alizima kiyoyozi asipokihitaji. Aliondoka taratibu, akaachia mafuta mapema kabla ya kila taa. Lita moja ikampa kilomita ishirini na moja. Mikate ilichelewa dakika chache tu, na ilifika ingali ya moto.

Akapiga simu. "Mdogo wangu, nimekosa. Petroli nilikuwa naimaliza mimi mwenyewe. Rudi nyumbani."

"Nimefurahi gari limepona," Kobe alisema. "Msalimie mama." Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupokewa.

Siku ya kliniki mama alipanda kiti cha nyuma. Kobe alipokuwa dereva, mama alikuwa akikaa mbele. Taa nyekundu ilionekana kwa mbali. Mwoka mikate akaachia mafuta, na gari likaenda kimya mpaka likasimama.

"Siku hizi unaendesha kama mdogo wako," mama alisema.

Mwoka mikate akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Ila yeye alijua bila kumfukuza mtu," mama akamalizia.

Taa ikawa ya kijani. Gari la nyuma likapiga honi. Mwoka mikate akaondoka taratibu, macho yamemjaa machozi.