Mtoto Alipopanda Mizani

Asubuhi ile gunia la shaba lilikuwa limeongezeka uzito, na hakuna mtu aliyetia kitu ndani yake.

"Labda umande," alisema Koili. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kazi yake ya kupasua kompyuta kuukuu na kufumua nyaya za shaba zilizosokotwa ndani. "Shaba siku hizi inanyonya umande, mama. Tutatajirika tumelala."

Mkewe hakucheka. Alikuwa amempakata mtoto wao, na mkono ulikuwa unamwambia kitu asichotaka kukisikia. Mtoto alikuwa mwepesi.

Mzigo ule wa kompyuta ulitoka kwenye ofisi iliyofungwa zamani. Kompyuta moja ilifika ina joto, kama imezimwa sasa hivi, na Koili alipoipasua ikatoa harufu ya udi. Wakafungua dirisha, basi. Shaba ni shaba. Akaitia guniani na nyingine, na ganda akalitupa nyuma ya nyumba.

Na siku hiyohiyo, kwa kuwa kliniki ni mbali na alitaka tu kujua mtoto anaendeleaje, mama alimfunga kwenye shuka akamtundika kwenye mizani ya mumewe, ile ya kuning'inia yenye ndoano na mshale, palepale lilipopimiwa gunia, akasoma uzito kwa sauti, na mtoto akabembea akicheka.

Tangu hapo gunia linapanda, mtoto anashuka. Ananyonya, hana homa, lakini kumbeba ni kama kubeba nguo zake tu, na kichwani ananukia udi ambao hakuna aliyeuchoma, na akilala gunia kule pembeni linalia kidogo, chwa, chwa, kama mtu anayehesabu nyaya moja moja.

"Umesikia?" mama alinong'ona.

"Nyamaza. Usilijibu."

Kulipokucha wakalibeba mpaka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Yule mzee alitia mkono guniani akautoa haraka, akaufuta kwenye suruali.

"Ina joto la mwili hii. Mmepima nini kingine kwenye mizani yenu?"

Mama akamkumbatia mtoto.

"Mtoto? Mmemtundika mtoto kwenye ndoano ya biashara? Mbele yake huyo asiyeonekana mliyemleta na mzigo?" Sauti ya mzee ikashuka. "Kinachotundikwa pale kinauzwa, mama. Umemtajia na uzito. Sasa ananunua."

"Ananunua kwa malipo gani? Mbona hatujapewa kitu?" aliuliza Koili.

"Hiyo shaba inayoongezeka ni nini, mwanangu?"

Mama hakulia. Aliuliza tu wafanye nini, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Mrudishieni shaba yake kwenye ganda lake. Yote, isibaki hata waya. Mwambieni hamuuzi."

Koili alikuwa anatazama chini. "Mzee, kidogo nilishauza. Juzi."

"Kwa mpumbavu gani?"

"Kwako."

Mzee aligeuka polepole akaitazama shaba yake, kilima kizima kimefika dirishani, ya huyu na ya yule, yote rangi moja.

Walirudisha iliyokuwepo, ile ya juzi ikabaki kwa mzee. Mama mwenyewe aliimimina kwenye ganda akasema, hatuuzi, hatuuzi, hatuuzi, mpaka harufu ya udi ikakatika, na alipomnyanyua mtoto mikono ikalemewa vizuri. Majirani wanasema amenenepa. Kliniki wamemsifu.

Mizani bado inaning'inia. Koili ameifungua, ameipaka mafuta, ameigonga. Ndoano ni tupu, lakini mshale haurudi mwanzo, umesimama juu kidogo tu, na mtoto akipumua, unapumua naye.

Mama anaosha vyombo. Kila akimwogesha mtoto anamkagua, vidole, masikio, ulimi, kila kitu kipo. Bado anatafuta ni kipi kilichonunuliwa.