Imeingia kwa Jina Lako

Foleni ya maabara ya kompyuta ilifika mpaka kwenye ngazi. Wanafunzi walikuwa wakiwasilisha kazi zao za programu, na nusu ya mashine zimegoma. Katikati yao alisimama binti waliyemwita Fundi, kwa kuwa nguo zake alijishonea mwenyewe. Siku hiyo alivaa gauni la kijani, laptopu kaikumbatia.

"Dada, unapanga foleni ya nini na mashine unayo?" aliuliza kijana wa miwani nyuma yake.

"Kazi si inapokelewa humo ndani?"

"Hata ukiwa kitandani unaituma. Nikuonyeshe?"

Wakaketi ngazini. Kwa laptopu ya Fundi, Miwani akaingia kwenye kompyuta ya chuo kwa akaunti yake mwenyewe, ili amwonyeshe njia. Fundi akainama kutazama. Manukato yake yakamfanya kijana akosee nywila.

"Kumbe na wewe hukosea!"

"Leo tu."

Wakapeana namba. Jumamosi Fundi alituma kazi akiwa kwao, simu sikioni.

"Imepokelewa!"

"Hongera, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Ulimi umeteleza."

"Basi uteleze tena."

Jumatatu mwalimu akamwambia Fundi kwamba hajaipata kazi yake. Iliyofanana na anayoieleza ilikuwepo, ila kwa jina la Miwani. Fundi alimpigia hapohapo.

"Umeniibia!"

"Mimi? Subiri kwanza..."

Akakata, akamfungia namba.

Lakini swali halikumwacha: ameibaje kitu nilichokituma kwa mikono yangu? Jioni akafungua laptopu sebuleni, mama yake akipiga pasi. Akaingia kama siku ile, kisha akaiuliza mashine: mimi ni nani?

Ikamjibu kwa jina la Miwani.

Akaunti ya kijana ilibaki humo tangu ngazini. Kazi ya Fundi ilipitia humo, ikafuta ya Miwani. Akaifungulia namba ya Miwani, akapiga simu.

"Nimefuta kazi yako. Mbona hukusema?"

"Ungepokea simu?"

"Nisamehe."

"Mwalimu nimeshamweleza. Amesema kesho kila mtu akamweleze kazi yake."

"Umekasirika?"

"Nilikasirika. Halafu nikaisoma kazi yako. Ile sehemu ya kupanga majina umeifanyaje? Nimeitazama mpaka macho yanauma."

Fundi akacheka, machozi yakimlenga.

"Njoo nikueleze."

"Kwenu?"

Akamgeukia mama yake. "Mama, kuna mtu anataka kuja."

Mama hakuinua macho kwenye pasi. "Aje. Nimechoka kusikia sauti isiyo na sura."